Sanduku la gadi: santuri 163 zilizouzwa kwa mkupuo mmoja Dodoma

Herufi tatu kwa wino wa bluu, kistari, kisha neno Dodoma. Ziliandikwa juu ya lebo ya santuri ndogo, pembeni mwa tundu, na mtu aliyelaza herufi zake kulia kama anayeandika huku behewa linatembea. Kijana aliyeiona picha hiyo kwenye simu yake, akiwa hosteli UDOM, hakuhitaji kuuliza. Mwandiko huo uko nyuma ya picha zote za ukutani kwao Kikuyu na kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia ya bibi yake. Ni wa babu yake, aliyefariki miaka sita iliyopita. Santuri ilikuwa inauzwa mtandaoni, muuzaji yuko Ujerumani, bei euro 85.

Miezi minane kabla ya hapo mama yake aliiuza santuri hiyo hiyo kwa Tsh 4,000.

Jumamosi yake walinijia wote wawili. Mimi ni fundi wa redio, kibanda changu hakiko mbali na soko la Sabasaba, na kwa kuwa bado natengeneza gramafoni, watu hudhani najua kila kitu cha santuri. Niseme mapema nimesimama wapi: na mimi hununua na kuuza santuri, kidogo kidogo, na kijana aliyenunua sanduku lao namfahamu. Mama mtu, ambaye nitamwita dada, alinikuta nachomelea waya, hakungoja nimalize.

"Fundi, tumeibiwa."

Nikawaambia wakae, nikaomba waniletee kila walichonacho: picha alizopiga kabla ya kuuza, ujumbe wa simu, risiti ya muamala. Hiki ndicho nilichokiona. Wahusika wameniruhusu nikiandike, majina tu ndiyo tumekubaliana yabaki kwetu.

Lilivyokuwa sanduku

Mzee alikuwa gadi wa treni. Alianza enzi za reli ya Afrika Mashariki, akastaafu chini ya Shirika la Reli Tanzania, na maisha yake yote yalikuwa kwenye reli ya kati: Dar, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma na kurudi. Kila mshahara alinunua santuri moja au mbili mahali treni ilipolala. Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza kilikuwa kuweka sahihi kwenye lebo. Mjukuu alidhani babu alikuwa anajionyesha. Sivyo. Miaka ile santuri ziliazimwa kwenye sherehe kama masufuria, na usipoandika jina yako hairudi.

Gramafoni yake ilikuwa ya betri. Sindano ilipochakaa na mpya isipatikane, mzee alifanya walichofanya wengi: aliweka sarafu ya senti hamsini juu ya kichwa cha mkono ili sindano isirukeruke. Dawa hiyo inatibu leo na kuua kesho, maana uzito huo unailima mifereji ya santuri kama jembe. Hata hivyo kulikuwa na santuri moja iliyoishinda hata sarafu. Ubeti wa pili, kila ikifika mahali fulani, inaruka nusu mstari. Watoto wa nyumba ile walikua wakiuimba wimbo ule na mruko wake. Dada aliniimbia pale kibandani, akaruka mahali pale pale bila kufikiri, mwanawe akacheka. Santuri hiyo ndiyo iliyokuwa Ujerumani kwa euro 85. Bendi sitaitaja. Nikiitaja, kesho kila sanduku la bati Dodoma litafunguliwa kwa shoka.

Ukizipanga santuri za mzee kwa umri, sanduku linakusomea historia. Zinajaa hadi katikati ya miaka ya 1970, halafu zinakatika karibu ghafla. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Bendi zetu zilikuwa zinarekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini ili sauti iwe sahani ya plastiki ilibidi mambo yaishie Nairobi, ndiko kulikokuwa na kampuni za santuri na mtambo wa kuzichapa. Mbaraka Mwinshehe, kipenzi cha Morogoro, alifia huko huko Kenya, kwa ajali ya gari, Januari 1979. Mzee naye baada ya hapo alihamia kaseti.

Kwa miaka arobaini sanduku lilikaa Dodoma, na hilo lina faida yake. Santuri za pwani huota ukungu kwenye mifereji na makaratasi yake huliwa na unyevu. Huku kwetu adui ni wawili, vumbi na bati. Vumbi jekundu huingia hata penye kufuli. Bati saa nane mchana mwezi wa kumi hulainisha santuri iliyoegemea vibaya mpaka inapinda kama chapati iliyosahaulika kikaangoni. Bahati yao sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha bibi, sehemu yenye ubaridi kuliko zote katika nyumba.

Siku ya mauzo

Bibi ndiye aliyetaka liondoke. Alichoka na mende. Dada akapiga picha, santuri tano tano sakafuni, akaweka Facebook: "Santuri za zamani zinauzwa, bei maelewano." Siku nne za kwanza alivuna kejeli tu. Mmoja aliuliza kama zinafaa kukaangia chapati. Siku ya tano akatokea kijana wa Dar, aliyeandika kwa adabu: "Shikamoo mama. Naomba usiuze, nakuja kesho kutwa."

Akaja kwa SGR, akaomba maji ya kunywa, akasogeza kigoda mlangoni kwenye mwanga. Dada anakumbuka kwamba kwa saa nzima na nusu hakusema neno. Alichukua santuri moja moja, akaiinamisha ili mwanga uteleze juu yake, akasoma lebo, kisha akakodolea macho ile sehemu laini kati ya wimbo na lebo. "Nilidhani anatafuta nyufa," dada aliniambia. Alikuwa anasoma namba. Kiwandani namba huchorwa pale, na kwa santuri za Afrika Mashariki, ambazo mara nyingi lebo yake haina mwaka, namba hizo ndizo zinazosema hii ni chapa ya kwanza au ya baadaye. Hakuna picha hata moja ya dada iliyozionyesha.

Alipofika kwenye ile ya mruko, dada kwa uaminifu wake akamwambia, "Hiyo inaruka, mwanangu." Kijana akaiangalia tena, muda mrefu kidogo kuliko nyingine. "Hamna shida mama, tutaihesabu kama nyingine."

Bei aliipanga kwa ukubwa. Ndogo, Tsh 4,000 kila moja. Kubwa, zile LP, Tsh 10,000. Ndogo zilikuwa 141, sawa na 564,000. Kubwa 22, sawa na 220,000. Jumla Tsh 784,000, zikaingia kwenye simu papo hapo, na makato ya kutolea akaongeza. Dada alifurahi mno. Alitegemea laki mbili. Kijana akafunga mzigo kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia, akasindikizwa hadi kwenye bajaji, akapewa mfuko wa zabibu.

Huu mfuko wa zabibu ndio unaomuuma dada kuliko pesa. Aliutaja mara tatu.

Walichodhani kina thamani

Niliwauliza: kabla hajaja, nyinyi mlidhani zipi ndizo za thamani? Wakajibu kwa pamoja, LP, hasa za Jim Reeves. Mzee alizipenda, zilikuwa kubwa, zina majalada yenye picha, na Jumapili zilipigwa kabla ya kwenda kanisani. Hapa kisa kinageuka.

Kati ya zile kubwa 22, tisa zilikuwa Jim Reeves na wenzake wa mtindo huo wa Kimarekani, sita muziki wa sinema za Kihindi, nne kwaya na nyimbo za Krismasi, tatu tu za bendi za Afrika. Jim Reeves alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 1964 na kampuni yake iliendelea kuuza sauti yake kwa miaka mingi baadaye, nchi baada ya nchi. Dunia imejaa santuri zake. Mnunuzi wa Ulaya anaikuta kwenye duka la mitumba kwa bei ya soda, na hawezi kuilipia posta kutoka Dodoma ikiwa imekwaruzwa. Kwa hizo tisa, kijana alilipa 90,000 na nijuavyo mimi pesa hiyo haitarudi. Kwenye LP, aliyepunjwa ni yeye.

Ndogo ndizo zilizokuwa na hadithi nyingine. Kutokana na picha nilihesabu 38 za Kongo zilizochapwa Kenya, 31 za Kenya, 20 za Ulaya na Marekani, na 52 za Tanzania. Za Kongo ni nzuri lakini zilitoka nyingi. Hizi 52 ndizo zinazotafutwa. Zilichapwa chache kwa ajili ya soko dogo, zikapigwa kwa sindano butu kwenye baa na kwenye harusi, zikaazimwa, zikavunjika, na zilipokwisha hazikurudiwa. Wimbo wetu ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, kwa hiyo mara nyingi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Mkwaruzo upande mmoja unakuharibia wimbo mzima. Iliyobaki safi pande zote mbili baada ya nusu karne ni kama yai lililosafiri kwa lori kutoka Kigoma bila kupasuka.

Dada alizipima santuri kama anayepima vitambaa, kwa upana. Kijana naye, nina hakika, alipanga bei kwa ukubwa akijua hivyo ndivyo mwenye mali anavyofikiri. LP ilikuwa chambo chake. Ukimpa mtu 10,000 kwa kitu anachokithamini, hakuulizi kwa nini hiki kingine ni 4,000.

Euro 85 ni kiasi gani?

Mjukuu alikuwa ameshapiga hesabu. Euro 85 mara 2,800, kiwango tulichokubaliana kutumia siku ile, ni Tsh 238,000. Mara santuri 163 inakaribia milioni 39. Namba hiyo alikuwa ameiandika kwenye daftari na kuipigia mistari miwili.

Nikamwambia, anko, futa.

Kwanza, bei uliyoiona ni ya kuombwa. Mtandao mkubwa wa santuri, Discogs, ulioanzishwa na Kevin Lewandowski huko Marekani mwaka 2000 kama orodha tu ya muziki wa elektroniki, una kitu kizuri ambacho watu hupita bila kukiangalia: kwa kila toleo unaonyesha lilivyowahi kuuzwa, bei ya chini, ya kati na ya juu. Tuliitafuta ile ya babu. Ilikuwa imeuzwa mara chache tu, na ya kati ilikuwa pungufu sana ya 85. Muuzaji alikuwa anabahatisha, na ana haki ya kubahatisha.

Pili, daraja. Wanaouza santuri duniani hutumia ngazi ya hali ambayo msingi wake ni wa jarida la Kimarekani la Goldmine: juu kabisa mpya, kisha iliyo karibu na mpya, kisha VG+, VG, G, na kushuka hadi takataka. Jina ni la kudanganya, maana VG ni kifupi cha "nzuri sana" kwa Kiingereza, lakini santuri ya VG unaisikia inakaanga mandazi nyuma ya mwimbaji. Bei hushuka kwa kasi: kwa kipimo chao, VG+ ni kama nusu ya bei ya iliyo karibu na mpya, na VG ni robo. Sanduku la gadi, lenye sarafu ya senti hamsini, lingekuwa VG kwa sehemu kubwa. Na jina la babu kwenye lebo? Kwa mnunuzi ni doa, na muuzaji mwaminifu analazimika kulitaja. Kitu kile kile kilichoifanya familia iitambue santuri kilikuwa kinaipunguzia bei.

Hapa dada alinyamaza. Nadhani ndipo alipoanza kuniona kama wakili wa upande wa pili.

Tatu, makato. Discogs huchukua asilimia 9 ya mauzo, na huhesabu hadi nauli ya posta. Kama posta ni euro 12, basi 9% ya 97 ni euro 8.73. Anayepokesha malipo naye anakata. Kuna kifungashio: kadibodi ngumu, santuri itolewe ndani ya jalada lake isije ikalipasua njiani. Na kwa nini muuzaji yuko Ujerumani? Kwa sababu tangu Julai 2021 kila kitu kinachoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje, hata kiwe cha bei ndogo, kinatozwa kodi ya ongezeko la thamani, na mnunuzi wa huko hapendi kugongewa mlango na deni la kodi. Kwa hiyo mzigo unasafiri kwenye begi la ndugu, unauzwa ukiwa ndani ya Ulaya, na ndugu anachukua chake. Siwafundishi mbinu, naeleza njia pesa inakopita.

Simu

Nilimpigia kijana wa Dar jioni ile, dada akiwa amekaa pembeni, spika wazi, na nilimwambia yupo.

"Shikamoo mama," alianza, na sauti ilikuwa imeshuka. Dada aliitikia marahaba ya mdomoni tu.

Hakukataa kitu. Alikuwa na daftari na alisoma. Santuri 17 zilikuwa zimepinda au kuchanika, alizitupa. Zilizouzwa kwa miezi minane ni 26, kwa jumla ya euro 655. Baada ya makato, vifungashio na theluthi ya kaka yake anayeziuza huko Ujerumani, mkononi ziliingia kama euro 390, yaani Tsh 1,092,000. Ondoa 784,000 ya kununulia, ondoa nauli ya SGR 31,000 kuja na 31,000 kurudi, inabaki 246,000. Zilizobaki ndani ni 120.

Hesabu ya mfanyabiashara anapomsomea anayemdai huwa na kivuli, na sikuiamini yote. Theluthi ya kaka niliiona nene. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli kwa wanaoijua kazi hii: chache zinabeba nyingi, na nyingi zinakaa.

Nikamuuliza ile ya mruko. "Ulijua?"

"Fundi, nilihisi. Kujua nilijua nilipoiosha."

Mkwaruzo unaorusha sindano huonekana kwa jicho na kucha hukwama. Ile haikuwa na mkwaruzo, ilikuwa na kitone. Aliiosha mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri (soma chupa vizuri, asidi hukaa rafu hiyo hiyo), tone la sabuni ya vyombo na brashi laini, kwa kufuata duara la mifereji. Mara ya tatu kitone kikatoka. Soda iliyokauka, alidhani, ya sherehe ya kabla yeye hajazaliwa. Nilimuuliza kama alitumia spiriti, akasema la. Nilifurahi kumsikia, maana wapo wanaoimwagia kila santuri spiriti, na zile nzito za zamani za kasi ya 78 spiriti huziyeyusha.

Aliiba?

Kuna wakili anayeniletea redio yake ya gari. Nilimuuliza kwa njia ya kisa tu. Alisema Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haifuti mapatano kwa sababu tu bei ni ndogo, kama aliyeuza aliridhia kwa hiari yake. Tena kukaa kimya peke yake hakuhesabiwi kuwa udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema. Kusema uongo ndiko kunakobadilisha mambo. Je, kijana alisema uongo? Dada alijitahidi kukumbuka. Hakusema "hizi mbovu." Hakusema "hizi hazina soko." Alisema "tutaihesabu kama nyingine," na ndivyo alivyofanya. Mwenye mali ndiye aliyesema inaruka.

Kwa hiyo polisi hapana, na niliwaambia hivyo. Bado sikumsafisha, na nilimwambia akiwa kwenye simu, mdogo wangu, ulipokaa mlangoni saa nzima na nusu ulikuwa umeshazigawa kichwani mafungu mawili, kisha ukatoa bei inayoyachanganya. Ungeweza kusema, mama, hizi 52 nizitazame kivyake. Usingepoteza chochote, maana Dodoma nzima hakuna mwingine aliyekuwa amekuja na pesa mkononi. Alinyamaza. Halafu akasema, "Na nikifanya hivyo kila nyumba, fundi, wananiambia ngoja tuulize kwanza, na nauli nimeshalipa." Ni kweli pia. Nimewahi kurudi na maboksi matupu kutoka Kondoa kwa sababu niliongea sana.

Upande wa familia, kosa la kuwalaumu ni moja tu, na silitaji kwa ukali kwa kuwa walikuwa wanamwondolea bibi mende. Waliuza kabla ya kuorodhesha. Mjukuu ana simu na intaneti ya chuo. Jioni mbili zingetosha: jina la bendi, namba ya lebo, zile namba zilizochorwa, picha chini ya mwanga wa pembeni. Wasingepata milioni 39. Wangepata orodha ambayo mbele yake mnunuzi hawezi kuweka 4,000 kwa kila kitu. Kisha zile 111 wangeuza kwa jumla, na 52 wangempa mali kauli, auze, mgao uje.

Mali kauli ndiyo tuliyoishia nayo. Za Tanzania zilizobaki mkononi mwake zilikuwa 28. Kijana alikubali, kwa shingo upande mwanzoni, kwamba kila itakayouzwa, baada ya makato na baada ya kurudisha 4,000 yake, faida igawanywe nusu kwa nusu na familia. Tuliandika karatasi moja. Atatuma picha ya kila moja, pande zote mbili, na nakala ya mauzo. Mjukuu ndiye mfuatiliaji. Sheria haikumlazimisha, na nampa sifa kwa hilo, ingawa dada anaamini ni mfuko wa zabibu uliomsuta.

Ile ya babu haikuwemo katika 28. Ilikuwa imenunuliwa siku mbili kabla ya simu yetu, imeshalipiwa, imeelekea Japani. Dada aliomba irudishwe. Haiwezekani kumnyang'anya mtu aliyelipa, na nilimuunga mkono kijana. Bei iliyolipwa, alisema, ilikuwa euro 60 baada ya kubembelezana.

Akatoa kingine badala yake. Kabla ya kuuza huwa anarekodi kila santuri, ili mnunuzi akilalamika awe na ushahidi. Atatuma wimbo kwa WhatsApp. Na akaomba, kwa unyenyekevu uliokuwa na biashara ndani yake, kama familia ingependa zile Jim Reeves, atazirudisha bure, wao walipie mzigo tu. Zilifika Stendi ya Nanenane wiki iliyofuata. Gramafoni ya mzee iko kwangu, nangoja sindano.

Wimbo tulimpelekea bibi Kikuyu siku ya Jumapili. Alikuwa anachambua mchicha uani. "Mbukwenyi," akatusalimu wote kwa mkupuo, akakung'uta mikono, akaweka simu ya mjukuu karibu na sikio kama anayeongea na mtu. Ubeti wa kwanza aliufuatisha kwa kichwa. Wa pili akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na alipofika mahali pale akaruka nusu mstari, kama alivyozoea, akajikuta yuko mbele na mwimbaji bado yuko nyuma.

Akaishusha simu, akaigeuza, akaiangalia.

"Hii siyo ya kwetu," alisema. "Mbona hairuki?"